Daftari la vitenzi vya Kiingereza vinavyochanganya: shajara ya mradi

9 Januari: Kinachotengenezwa

Mradi huu ni daftari moja la vitenzi vya Kiingereza vinavyowachanganya wasemaji wa Kiswahili waliokwisha kusoma Kiingereza kwa miaka. Si la anayeanza. Ni la yule anayesoma habari za Kiingereza bila taabu, lakini akifika kwenye "lie" na "lay", au "has been" na "has gone", kalamu inasita. Watu hawa wana mambo mazito ya kusema, na mara nyingi barua yao nzima hupimwa kwa kitenzi kimoja kilichokaa vibaya. Hilo linaniuma, ndiyo sababu ya kazi hii.

Shajara naiandika ili anayetaka kutengeneza daftari lake, au la darasa lake, asipite tena njia zilizokwama. Vifaa ni lahajedwali, kadi za karatasi, na kikundi kidogo cha wanafunzi watu wazima waliokubali kujaribu kila ukurasa kabla haujaingia daftarini.

Mwanzo ni ule wa kawaida: orodha ya safu tatu, yaani umbo la msingi, la wakati uliopita na la hali timilifu, kwa mpangilio wa alfabeti. Vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni ya "-ed" ni kama 200. Si vingi kwa hesabu, ila ndimo walimo "be", "have", "do", "say", "go", "get", "make", "know", "see" na "come", yaani vile ambavyo mtu hawezi kumaliza aya bila kuvigusa.

21 Januari: Orodha ya alfabeti imeshindwa

Wanafunzi waliikariri orodha vizuri. Ukimwambia mtu "lie", anakujibu "lay, lain" bila kupumua. Halafu mtu huyohuyo anaandika "I laid down for an hour". Mwingine aliyejua kwa moyo kwamba "find" huwa "found" aliandika kwamba shule fulani "was found in 1950", kana kwamba shule ilikuwa imepotea ikaokotwa. Alitaka "was founded", iliasisiwa.

Baada ya kulinganisha sentensi zilizoharibika, chanzo kilionekana. Orodha inaonyesha kila kitenzi peke yake, lakini kosa halitokei ndani ya kitenzi kimoja. Linatokea pale maumbo ya vitenzi viwili yanapogongana. "Lay" ni wakati uliopita wa "lie" na papo hapo ni umbo la msingi la kitenzi kingine. "Found", "fell", "wound", "bound", "ground" na "saw" ni vivyo hivyo: kila moja ni wakati uliopita wa kitenzi kimoja na umbo la msingi la kingine. Alfabeti inaziweka "find" na "found" kwenye mistari miwili ya herufi F bila kumwambia msomaji kwamba hapo ndipo penye shimo.

Kadi zote za mwanzo zimewekwa kando. Jioni nyingi za kunakili zimekwenda nazo. Daftari sasa litapangwa kwa migongano. Ukurasa mmoja, mgongano mmoja, na juu ya kila ukurasa sentensi za Kiswahili ambazo msomaji atazitumia kama kipimo. Kitenzi cha Kiingereza kisipopata kipimo cha Kiswahili, kitaenda nyuma kwenye ukurasa wa kukariri tu.

4 Februari: "Lie" na "lay", na kauli ya kutendesha

Ukurasa huu umechukua muda kuliko yote, na ndio ulioamua sura ya daftari.

Sisi tuna lala na laza, anguka na angusha, chemka na chemsha. Kauli ya kutendesha tunaitumia tangu utotoni bila kuijua jina. Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi karibu mwaka 1100, nacho kilikuwa na masalia ya kauli hiyo. "Licgan" ilikuwa kulala, "lecgan" kulaza. "Sittan" ilikuwa kuketi, "settan" kuketisha. "Drincan" kunywa, "drencan" kunywesha. Kabla ya hapo palikuwa na kiambishi chenye sauti kama y yetu. Kiliibadilisha irabu iliyokitangulia, kisha chenyewe kikapotea. Kilichobaki leo ni irabu mbili tofauti, na mwanafunzi anaambiwa akariri tu. Ukimwonyesha kwamba "lay" ni laza ya "lie", anatulia, kwa sababu nusu ya kazi anayo tayari kinywani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuandika hivi: "palipo na -sha au -za, tumia lay, raise, fell, pasipo nayo, tumia lie, rise, fall." Lilidumu hadi tulipofika "rise" na "raise". Bei imepanda, wamepandisha bei: hapo sawa. Lakini mkono umeinuka, ameinua mkono: hapa neno lenye kiambishi cha ziada ni inuka, na inua ndilo fupi. Kumtafuta -sha kulimpeleka msomaji upande usio wake.

Kipimo kilichosimama ni kingine. Tazama kama kitenzi cha Kiswahili kinakubali kiambishi cha yambwa, yaani kinachomtaja mtendwa kama -i- au -u-, kabla ya mzizi. Nimeilaza chupa, inasemeka. Nimeilala chupa, haisemeki. Ameuinua mkono, inasemeka. Ameuinuka mkono, haisemeki. Penye nafasi ya yambwa, Kiingereza kinataka "lay, laid, laid" au "raise, raised, raised". Pasipo nafasi hiyo, ni "lie, lay, lain" au "rise, rose, risen". Hakuna haja ya istilahi ya sarufi kwa anayefanya jaribio hili. Anaisema sentensi kwa sauti na sikio lake linamjibu.

Mtego mmoja umebaki, nao lazima uandikwe kwa herufi kubwa katika ukurasa: jilaza. "Nilijilaza kidogo" ina laza ndani yake, na -ji- imekaa pale pale pa yambwa, kwa hiyo kipimo kinasema "lay". Kiingereza cha kawaida cha leo kinasema "I lay down for a while", yaani "lie" katika wakati uliopita. Kanuni tuliyoiongeza: -ji- isihesabiwe. Mtu aliyejiweka mwenyewe kitandani hajalaza kitu.

Kuku kutaga ni "lay" pia, "the hen laid an egg", na inapita kwenye kipimo bila shida, maana yai limetagwa. Kudanganya ni "lie" nyingine kabisa, "lie, lied, lied", yenye "-ed" ya kawaida. Inatosha mstari mmoja.

"Fell" ikiwa umbo la msingi ina matumizi machache: kuangusha mti kwa kuukata, au kumwangusha mtu chini kwa pigo. "The tree fell", mti ulianguka. "They felled the tree", waliuangusha. "Set" imetangatanga sana tangu enzi zake za kuketisha. Leo ni kuweka, kutega, kupanga, na hata jua kutua, ambako hakuna yambwa kabisa. Nimeiondoa kwenye ukurasa wa jozi ili isiwavuruge watu, na nafasi ya ketisha imechukuliwa na "seat": "they seated the guests".

12 Februari: Kipimo kilipovuka mpaka

Baada ya ukurasa ule kufanikiwa, wanafunzi walianza kutafuta jozi kila mahali. Waliona mlango ulifunguka na alifungua mlango, wakadhani Kiingereza lazima kina maneno mawili. Hakina. "The door opened." "She opened the door." Kitenzi ni kilekile. Vivyo hivyo "break", "close", "boil", "burn", "melt", "start", "stop" na "increase". Kiswahili hutenganisha vunjika na vunja, chemka na chemsha, kwa utaratibu usiochoka. Kiingereza kimeacha utaratibu huo na kubaki na jozi chache tu zilizosalia.

Wengine, kwa kuogopa kuacha pengo, waliandika "the door was opened" kila walipotaka ulifunguka. Hiyo ni sentensi sahihi lakini maana imehama: ni ulifunguliwa, na msomaji anaanza kumtafuta aliyeufungua. Anayeandika taarifa ya ajali au ya wizi anaweza kumweka mtu mahali ambapo hakuwepo.

Suluhisho lilikuwa kufunga orodha. Ukurasa sasa una jozi zilizohesabika na onyo chini yake kwamba nje ya hizo usitafute neno la pili. Lakini kabla ya kufunga, tulipata jozi nyingine ambazo si za ukoo mmoja katika Kiingereza, ila Kiswahili kinazifunga pamoja vizuri mno: kumbuka na kumbusha ni "remember" na "remind"; kopa na kopesha ni "borrow" na "lend". Kwa hizi mbili za mwisho azima haifai kuwa kipimo, kwa sababu wengi wetu tunasema "niazime kalamu" tukimaanisha unipe, na "nimeazima kalamu" tukimaanisha nimepewa. Kopa haina utata huo.

Kauli ya kutendea nayo ilitoa zawadi ambayo sikuitarajia. "Steal" ni iba, na kinachofuata ni kitu: "they stole the phone". "Rob" ni ibia, na anayefuata ni mtu au mahali: "they robbed him". Sentensi "they robbed the phone" imekuwa ikisahihishwa kwenye madaftari ya shule miaka nenda rudi bila maelezo, na maelezo yenyewe ni irabu moja ndani ya Kiswahili. "Say" na "tell" zinakaa hivyohivyo kando ya sema na ambia. Huwezi kuambia bila wa kuambiwa, na kwa kawaida "tell" nayo inamtaka mtu huyo.

24 Februari: Maumbo yanayofanana kwa sura

Ukurasa wa haraka. "Find, found, found" ni kupata. "Found, founded, founded" ni kuasisi. "Wind, wound, wound" ni kuzungusha. "Wound, wounded, wounded" ni kujeruhi, na matamshi ya "wound" hizo mbili hayafanani. "Bind, bound, bound" ni kufunga; "bound, bounded" ni kurukaruka au kuweka mpaka. "Grind, ground, ground" ni kusaga. "Ground, grounded" ni kuzuia ndege isiruke. "See, saw, seen" ni kuona. "Saw, sawed, sawn" ni kukata kwa msumeno.

"Fly, flew, flown", "flee, fled, fled" na "flow, flowed, flowed" zimepewa ukurasa wao. Mgongano hapa ni wa kusikika: watu huandika "the river has flown" badala ya "has flowed", na mto unakuwa umeruka angani. Hapa sikupata kipimo cha Kiswahili, kwa hiyo zimekwenda kwenye kukariri.

"Hang" ina mgawanyiko wa maana. Picha, nguo, taa: "hung". Mtu aliyenyongwa: "hanged". Mgawanyiko huo ni alama ya vitenzi vya zamani vilivyoungana kuwa kimoja. Kwetu ni rahisi, kwa sababu tundika na nyonga ni maneno mawili. "Bear" nayo: aliyezaliwa ni "born", na kila kingine kilichobebwa, kilichovumiliwa, au hata watoto ambao mama "has borne", kina e mwishoni.

8 Machi: -me- si "has"

Huu ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote, na ndio uliovunjwa na kuandikwa upya mara kwa mara.

Shuleni tulifundishwa kwamba -me- ni "has" au "have". Ameandika, "she has written". Sawa. Lakini amelala si "he has slept". Mtu akigonga mlango akiuliza kama baba yupo na ukamjibu "he has slept", umemwambia kwamba baba amekwisha kulala usingizi wake. Ulitaka "he is asleep". Amesimama ni "she is standing". Amevaa kofia ni "he is wearing a hat". Amechoka ni "she is tired". Nimeelewa, katika mazungumzo mengi, ni "I understand".

Kwa hiyo -me- inafanya kazi mbili. Kwa vitenzi vya tendo inasema tendo limekamilika. Kwa vitenzi vya kuingia katika hali fulani inasema mtu kaingia humo na bado yumo. Kiingereza kinazitenga kazi hizo mbili kwa maumbo tofauti.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuwapa watu orodha ya vitenzi vya hali. Ilikua kila siku na haikuisha: lala, keti, simama, vaa, choka, shiba, lewa, kasirika, potea, chafuka, nyamaza. Mwanafunzi akikutana na kitenzi nje ya orodha anarudi palepale.

Kipimo kilichofaulu ni neno moja: bado. Weka bado mbele. "Bado amelala", sentensi nzuri. "Bado amevaa kofia", nzuri. "Bado amekasirika", nzuri. "Bado ameandika barua" haina maana. Bado ikikubali, ni hali. Tafuta "is" pamoja na sifa au "-ing". Ikikataa, ni tendo, "has" inaruhusiwa. Kizuizi kimoja: amekufa na ameoza hazipendi bado kwa sababu hali hizo hazina kurudi, lakini "he is dead" ni Kiingereza sahihi kabisa, sambamba na "he has died". Hizi zimeandikwa pembeni.

Nusu ya pili ya ukurasa inahusu jana. Kwa mdomo tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have seen him yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha fungwa, yaani jana, juzi, mwaka jana, 1998, au ukiuliza lini, "have" inaondoka: "I saw him yesterday." Wanafunzi waliokuwa wakibadilisha nimemwona kuwa nilimwona kabla ya kutafsiri hawakupata tabu tena. Ibadilishe sentensi ya Kiswahili kwanza, Kiingereza kitafuata.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni tangu. "Ninaishi hapa tangu 2010" inawafanya watu waandike "I live here since 2010". Jambo lililoanza nyuma na linaendelea hadi leo linataka "have": "I have lived here since 2010". Kwa hiyo -na- yenye tangu inakwenda kwenye "have", na -me- yenye jana inaikimbia "have". Vimewekwa mstari mmoja, vikitazamana, na hapo ndipo watu walipotikisa vichwa kwamba wameelewa.

"She has gone to London" ni ameenda, hayupo. "She has been to London" ni amewahi kufika, na kwa kawaida amekwisha rudi. Kipimo ni kuweka -wahi; ikikubali, ni "been".

20 Machi: "Did" na wakati unaotajwa mara moja

"He didn't went." "Did she went?" Makosa haya hayasikii dawa ya kukemewa. Kilichosaidia ni kuitazama hakuenda. Alienda ina -li-. Ukikanusha, -li- haionekani tena: hakuenda. Hakuna asemaye "hakulienda". Wakati umekwisha beba alama yake kwenye -ku-, na hauhitaji ya pili. "Did" inafanya kazi hiyohiyo: ikishataja wakati, kitenzi kinarudi kwenye umbo la msingi, "didn't go".

Kwenye kukanusha, maelezo hayo yalitosha. Kwenye kuuliza hayakutosha, kwa sababu "Je, alienda?" inabaki na -li- yake na sikio linadai "went". Tulijaribu kulazimisha mfano wa hakuenda kwenye maswali, haukushika. Sasa ukurasa unamtaka msomaji aandike jibu la hapana kwanza, "she didn't go", kisha ageuze nafasi ya maneno mawili: "did she go?" Inachosha mwanzoni. Inafanya kazi.

3 Aprili: -nge- pande zote mbili

"Ningejua, ningekuja." Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, na mkono unaandika "If I would know, I would come". Kiingereza sanifu kinaweka "would" upande wa matokeo tu. Upande wa "if" kinachukua umbo la wakati uliopita: "If I knew, I would come". Hapo "knew" haimaanishi jana wala juzi. Inamaanisha sijui, na bado sijui. Hili lapaswa kusemwa wazi, maana mtu akiona "knew" anatafuta kalenda.

Nilitaka kutumia -nge- na -ngali- kama kipimo cha kutenga "if I knew" na "if I had known". Kwenye sarufi iliyoandikwa inapendeza: -nge- kwa nafasi ambayo bado ipo, -ngali- kwa nafasi iliyopita. Ila wasemaji wengi, nikiwemo, hutumia -nge- kwa zote mbili, au huingiza -ngeli- bila kutofautisha. Kipimo kinachotegemea tofauti ambayo msomaji haitumii hakimpimi. Ukurasa ule umefutwa.

Badala yake kuna swali moja: nafasi bado ipo, au imekwisha pita? Ipo: "if I knew, I would come". Imepita: "if I had known, I would have come". Laiti inapita njia ileile: "I wish I knew", kwa nisichokijua sasa, "I wish I had known", kwa nilichokosa kukijua wakati ule. Mwenye -ngali- hai mdomoni mwake anaweza kuitumia kama msaada wa ziada.

16 Aprili: Ku- moja, maumbo mawili

Kuimba ni "to sing" na pia ni "singing". Kitenzi-jina chetu kinafunika vyote viwili, na hapo "stop", "remember", "forget" na "regret" zinakuwa mtihani. "She stopped to rest" ni alisimama ili apumzike. "She stopped resting" ni aliacha kupumzika. Sentensi mbili zinazopingana, na tofauti ni umbo dogo tu.

Kipimo: iandike upya sentensi ya Kiswahili bila ku-. Ikigeuka kuwa ili a-...-e, tumia "to". Ikigeuka kuwa kwamba ali- au alivyo-, tumia "-ing". Nakumbuka kufunga mlango ni nakumbuka kwamba nilifunga: "I remember locking the door". Nilikumbuka kufunga, yaani sikusahau nikafunga kweli, ni "I remembered to lock it". Najuta kusema ni najuta kwamba nilisema: "I regret saying it".

Nje ya vitenzi hivi kipimo hakisaidii. "Enjoy", "avoid" na "finish" vinadai "-ing"; "want", "hope" na "decide" vinadai "to". Vimekwenda nyuma, ukurasa wa kukariri.

Kisha "used to", yenye sura tatu. "I used to sing", nilikuwa nikiimba, sasa siimbi. "I am used to singing", nimezoea kuimba. "To" hii hufuatwa na "-ing", kinyume na mazoea. "A saw is used to cut wood", msumeno hutumika kukatia mbao. Mkanganyiko mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitoka kwenye hu- yetu. Huamka mapema ikaandikwa "I use to wake early". Kiingereza hakina "use to" ya mazoea ya sasa. Hu- ni wakati wa sasa wa kawaida, "I wake early", ukitaka ongeza "usually". Umbo "use" bila d hutokea baada ya "did" tu: "I didn't use to sing". Mstari huu wa hu- nimeuweka wa kwanza kwenye ukurasa.

29 Aprili: "Must have" na "needn't have"

Lazima yetu ina kazi mbili na Kiingereza kinazitenganisha katika wakati uliopita. Ilibidi aondoke: "she had to leave". Bila shaka ameondoka, kwa jinsi ninavyoona taa zimezimwa: "she must have left". Kipimo ni kuweka bila shaka. Ikikaa vizuri, "must have".

"She needn't have come" na "she didn't need to come" vinatazamana kwa karibu sana. Ya kwanza inasema alikuja, na haikuwa lazima. Ya pili inasema haikuwa lazima, bila kusema kama alikuja. Katika barua ya shukrani au ya lawama, tofauti hiyo ni kubwa, na nimeipa mifano zaidi ya jozi nyingine yoyote ya ukurasa.

"Should have gone" ni alipaswa kwenda, naye hakwenda. Watu huandika "should of gone" kwa kuwa "have" ikifupishwa husikika kama "of". Wenye Kiingereza chao cha kuzaliwa huandika hivyo pia. Daima ni "have".

11 Mei: Sauti, na tofauti za Uingereza na Marekani

"-ed" ina sauti tatu. Baada ya t au d ni silabi kamili, "wanted", "needed". Baada ya sauti kama p, k, f, s, sh na ch inasikika t: "walked", "washed". Kwingine ni d: "called". Sisi tunapenda silabi iishe kwa irabu, hivyo "walked" hupewa silabi ya ziada isiyokuwemo. "Read" ya wakati uliopita huandikwa kama ya sasa ila hutamkwa kama rangi "red". Kwa sababu yake watu huandika "lead" walipotaka "led". Vitenzi kama "put", "cut", "hit", "let" na "cost" havibadiliki kabisa, lakini nafsi ya tatu huvifichua: "she puts" ni sasa, "she put" ni wakati uliopita.

Kwa "learnt" na "learned", "burnt" na "burned", "dreamt" na "dreamed", maumbo yote ni sahihi. Yale ya "-t" hupatikana zaidi Uingereza, ya "-ed" ni ya kawaida Marekani. Marekani husema pia "dove" penye "dived", "snuck" penye "sneaked", na "I just ate" ambapo Mwingereza mara nyingi angesema "I've just eaten". Daftari linaonyesha yote mawili na kumtaka msomaji achague upande mmoja kwa andiko zima.

"Gotten" imepata mstari wake peke yake, kwa kuwa Marekani haiitumii ovyo: "I've got a ticket" ni ninayo tiketi, "I've gotten a ticket" ni nimeipata. Uingereza "got" inabeba zote mbili. Mstari huo umekamilisha safu ya mwisho ya lahajedwali. Anayenakili aweke safu nne: sentensi ya Kiswahili, kipimo chake, sentensi ya Kiingereza, na pale kipimo kinapokataa kufanya kazi. Safu hiyo ya nne asiiache wazi.